Pumziko Lililokatizwa



Siku ya Dominika, baada ya Misa, wengi wenu huteremka ufukoni kupumzika. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi mtu hutoka nyumbani akicheka, akarudi jioni amenuna. Kivuli alichokizoea amekikuta na watu wa kijiji kingine. Siafu wameingia katika chakula. Mpira wa watoto umevunja chungu chake. Basi amegomba, pengine amepiga, na pumziko alilolitafuta hakulipata.

Sikilizeni habari iliyo katika Injili ya Marko Mtakatifu, sura ya 6. Mitume walikuwa wamerudi kutoka safari walikotumwa wawili wawili. Walichoka, na watu walisongamana hata wao wakakosa nafasi ya kula. Yezu akawachukua kwa mashua waende mahali pa faragha. Lakini ziwa la Galilaya si kama letu la Tanganyika lipitalo kilometa 650. Urefu wake ni kilometa 21 hivi tu, na aliye ufukoni huona mashua iendako. Watu wakakimbia kwa miguu, wakafika kwanza. Mahali pa faragha pakajaa umati!

Sisi tungalisema maneno gani? Yezu alishuka, akawaonea huruma, akawafundisha hadi jua likaelekea kuchwa. Mitume wakamwomba awaage watu (nadhani uchovu nao ulisema katika ombi lile). Yeye akawaketisha majanini, wanaume 5000, akawashibisha kwa mikate 5 na samaki 2.

Nanyi, hasira ikipanda, nyamazeni kwanza, mfanye ishara ya msalaba, kisha mtazameni usoni aliyewaudhi. Siafu hawana masikio: wahameni. Mgeni aliye kivulini msogezeeni mkeka. Mtoto mrudishieni mpira wake; chungu kimekwisha vunjika, na matusi hayatakiunga. Padri atawauliza katekisimu kabla ya ubatizo. Lakini ufukoni mwaulizwa na jirani asiye Mkristo, naye hutazama mtamjibuje.

Mtu ataniambia: Je, mchovu asipumzike kamwe? La! Yezu hakuliacha pumziko lake, aliliahirisha tu. Alipokwisha kuwaaga watu, alipanda mlimani peke yake kusali. Kutoka nchi kavu akawaona Mitume wakihangaika kwa makasia, upepo ukiwapinga. Usiku ulipokaribia kwisha, akawaendea.