Je, Kuiga ni Wizi?

Nilipokuwa najifunza kuchonga Bunda, niliiga kigoda cha mzee aliyenifundisha, nikaenda kukiuza Musoma mjini. Mama mmoja akaniuliza, "Kijana, umekibuni mwenyewe?" Nikajibu, "Ndiyo, mama." Tangu siku hiyo najiuliza: je, niliiba?

Wapo wasemao wazo humshukia msanii kama ndoto. Mimi sikuota kitu. Niliona gogo, tezo na mkono wa mzee.

Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, naye alichukua tamthilia ya Shakespeare akaitia katika Kiswahili mwaka 1963. Hakutosheka. Mwaka 1969 akaitoa upya, hata jina akalirekebisha likawa Juliasi Kaizari. Lakini jina la Shakespeare hakulifuta.

Basi, ndugu msomaji, kuiga si wizi. Ni kusoma kwa mikono. Kwenye kigoda changu cha tano tezo iliteleza, mguu mmoja ukapinda. Nikaipinda na mingine ifanane. Hapo ndipo nilipoanza kubuni.

Wizi wangu ulikuwa katika ile "ndiyo" tu. Siku hizi nikiulizwa, namtaja kwanza mzee wa Bunda, halafu ndipo naonyesha miguu yangu iliyopinda.