TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 19: Barua ya kwenda kwa hakimu



Tuseme ni wewe. Dereva wa daladala, njia ya Fuoni. Ramadhani iliyopita, dakika 10 kabla ya magharibi, kila mtu anakimbilia futari, na wewe ukakanyaga mafuta. Ukampiga kijana wa baskeli. Alhamdulillah hakufa, lakini mguu ulivunjika. Mahakama ikakufungia leseni. Sasa kazi huna, nyumbani hali ngumu, na wakili kakwambia unaweza kurudi kwa hakimu kuomba muda upunguzwe.

Jee, ni haki kuomba upunguziwe adhabu uliyostahiki?

Kuomba si kosa. Sote usiku huu tunaomba tusamehewe tuliyoyastahiki. Hata sheria za watu zina mlango huo. Jamaa zetu walioko Uingereza wana sheria ya mwaka 1988: aliyefungiwa leseni kwa muda mrefu anaweza kuomba marufuku iondolewe mapema, ila si kabla ya kupita miaka 2. Mahakama huangalia tabia yake, mwenendo wake tangu hukumu, na kosa lenyewe lilikuwaje. Yaani linaloulizwa ni moja: umebadilika?

Basi shida haiko kwenye kuomba. Iko kwenye barua.

Kwanza, utashawishika kuandika kuwa baskeli ilikata njia ghafla. Hakimu hakuwepo, na wakili anajua kupanga maneno. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alituonya kuwa yeye ni binadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa fasaha kuliko mwenzake, atakayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo, amekatiwa kipande cha moto. Ukimtupia kijana yule lawama yako, umemvunja mara ya pili.

Pili, utamwendea Sheha, utamwendea imamu: "Niandikie kuwa mimi mtu mwema." Hapa sasa maneno ni yetu sisi tunaoombwa. Imepokewa kuwa mtu alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (R.A.). Umar akamuuliza: wewe jirani yake? Umesafiri naye? Umefanya naye biashara ya pesa? Yote hapana. Akamwambia basi humjui, labda umemuona tu msikitini akiinama na kuinuka.

Subhanallah! Tunamuona mtu safu ya mbele kwenye tarawehe, tunatia saini. Kumbe suali la Umar ni lile lile la hakimu: umesafiri naye? Abiria wake wanasemaje? Kama hujui, andika unachokijua tu: "Namuona akiswali." Hiyo ni kweli, na inatosha. Ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa kabisa, na huruma haiugeuzi kuwa sadaka.

Tatu, yule kijana. Ulishakwenda kwao? Toba ina sharti zake: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama kuna haki ya mja, kumrejeshea au kumuomba radhi. Utasema, "Nikienda sasa wataona natafuta barua." Huenda wakaona hivyo kweli. Nenda hata hivyo, wala usiombe barua. Uliza mguu unaendeleaje, uliza matibabu yaligharimu nini, chukua unachoweza hata kidogo kidogo. Ukiulizwa mahakamani, sema. Usipoulizwa, Allah ameshaona.

Na jipime kwa hili: hakimu akikataa, utarudi tena kwa yule kijana wiki ijayo? Au ndio basi? Na hii miezi uliyofungiwa, hukuwahi kuendesha usiku kwa njia za ndani, ati trafiki hawapo? Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tusimamie uadilifu hata kama ushahidi ni juu ya nafsi zetu.

Kwa hiyo andika barua fupi. Kosa ni langu. Niliharakisha. Nimefanya kadha na kadha kurekebisha. Nina watoto, naomba. Ukinyimwa leseni, umebaki na ukweli wako. Ukiipata kwa uongo, kila ukiwasha gari utajua imetoka wapi.

Na leo jioni, tafadhali, punguza mwendo. Tende na maji vitakungoja.

Allah atutakabalie funga zetu, atujaalie wakweli. Amin.

Mtumie na mwenzako.