Moto Uliotoka Jikoni

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mtoto akivimba taya, swali la mwanzo aghalabu huwa: nani aliyemtenda haya? Mmoja humtaja hasidi. Mwengine, kwa sauti ya chini, humtaja mama: alikula nini, alikosa nini? Ndugu msomaji, je, lawama ina nafasi gani katika maradhi ya saratani?

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe unaoshika mataya ya watoto wa Afrika. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wa London walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Baadaye ikadhihirika kuwa malaria nayo huutengenezea njia. Hata hivyo, watu wengi mno duniani wana virusi hivyo na hawaugui saratani hiyo.

Siri nyengine ilifichuka mwaka 1982. Kila seli ina maelfu ya jeni, lakini hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Huwashwa na kuzimwa, kila moja kwa wakati wake. Jeni iitwayo MYC huiamuru seli igawanyike, na bila ya hiyo mimba haikui. Katika maradhi haya, kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC hukatika, na mara nyingi hujiunga na kromosomu ya 14, ubavuni mwa jeni za kingamwili, ambazo katika seli hizo hukesha zikiwaka. MYC nayo ikakosa wa kuizima.

Basi uovu u wapi? Moto ukiwa jikoni hupika. Ukirukia makuti huteketeza nyumba. Moto ni ule ule, kilichobadilika ni mahali. MYC haina nia, mama hana hatia, jirani hana mkono. Hapa pana msiba usio na mkosaji, na hilo ndilo zito kwetu kulikubali, kwani lawama hutupa angalau mtu wa kumshika.

Lakini kukosekana mkosaji hakutuondolei wajibu. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na juu ya hayo, ni katika saratani zinazosikia dawa vyema zikiwahiwa. Siku tunayoipoteza kumsaka hasidi tunamnyang'anya mtoto. Kama lawama haina budi kupata mwenyewe, basi na itufikie sisi tuliokaa barazani tukikisia, ilhali Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu.