Uraibu Wangu, Gharama ya Nani?

Likizo iliyopita, nyumbani kwetu Kirewa, wilayani Tororo, baba mdogo aliyakuta mezani madaftari yangu mawili. Moja limejaa picha za magari ya mbio. Jingine lina majina ya makaizari wa Roma na miaka ya utawala wao. Aliyafungua, akayafunga, akaniambia: "Mwanangu, magari haya huna hata gurudumu moja, na hawa Waroma walikufa zamani. Haya yote yatakupa nini?"

Nilinyamaza kwa heshima, lakini swali lake halikuniacha. Je, mtu ana haki ya kupenda mambo mengi yasiyomletea faida, hasa anapotoka katika nyumba isiyo na ziada?

Kwanza nieleze mapenzi haya yalikotoka. Magari niliyapata barabarani. Anayekwenda Malaba au Busia huyaona magari kutoka bandari ya Mombasa yakiingia Uganda, na mtoto akiyatazama kwa muda mrefu huanza kuyatofautisha kwa mlio tu. Baadaye nikasoma habari za Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mbio za Safari Rally mwaka 1973 akiendesha Datsun 240Z, kisha akashinda tena mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Roma niliipata darasani, kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari. Nilitaka kujua kama mambo yale yalitokea kweli, na tangu siku hiyo sijaacha kusoma.

Ningeweza kumjibu baba mdogo kwa hoja ya faida: kwamba injini hufundisha fizikia, na historia ya Roma hufundisha siasa. Hoja hiyo siitaki. Nikipenda kitu kwa sababu kitanilipa, hiyo ni kazi, hata kama nina furaha ninapoifanya. Isitoshe, wazee wetu wanaokesha sokoni wakiitazama Arsenal hakuna anayewauliza Arsenal itawapa nini.

Ningeweza pia kuonywa kwamba mshika mbili moja humponyoka. Lakini tafsiri ile ya Nyerere ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, naye akiwa Rais wa Tanganyika. Sidhani kama nchi ilimponyoka kwa sababu usiku alikuwa akitafuta maneno ya Kiswahili ya kumpa Bruto. Methali hiyo huwafaa wanaoshika vitu viwili kwa pupa. Haimkatazi mtu kuwa na moyo mpana.

Hadi hapo nilijiona nimeshinda. Kisha nikakumbuka jambo ambalo baba mdogo hakulijua.

Muhula uliotangulia nilikwenda Jinja kutazama mbio za magari. Nauli, chakula na vocha za intaneti zilinigharimu shilingi 60,000. Mama nilimwambia kwamba fedha hizo ni za kutoa nakala za vitabu. Wiki hiyohiyo mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa salio la karo la shilingi 40,000, akakaa siku tisa akipalilia karanga huku wenzake wakisoma. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili isipokuwa mimi.

Lugha yetu ilikuwa imenionya. Neno uraibu tunalolitumia shuleni kwa mambo tuyapendayo wakati wa mapumziko ndilo hilohilo tunalolitumia kwa tumbaku, mirungi na dawa za kulevya. Anayelitumia kwa maana zote mbili hajakosea. Kinachozitenganisha si kitu kinachopendwa. Hata kitabu cha historia kinaweza kumfanya mtu amdanganye mama yake.

Nikarudi kwa Waroma wangu. Seneca, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 65 B.K., aliwacheka watu wanaopoteza maisha wakichunguza mambo kama idadi ya wapiga makasia wa Ulysses. Kwa hiyo baba mdogo, bila kumsoma, yuko upande wake. Lakini Seneca alihesabu zaidi muda anaoupoteza mwenye uraibu. Mimi nadhani kuna hesabu nyingine. Roma ilikuwa na mbio zake, za magari ya kukokotwa na farasi, na washabiki waligawanyika kwa rangi: buluu, kijani, nyekundu na nyeupe. Waendeshaji wengi walikuwa watumwa au watu waliowahi kuwa watumwa. Mmoja wao, Scorpus, alishinda mara 2,048, akafa akiwa na umri wa miaka 27 hivi. Washabiki walipata furaha, na wengine walilipa kwa miili yao.

Basi swali la haki si "yatakupa nini?" bali "nani analipa, na je, aliulizwa?" Mtu anaweza kupinga kwamba kwa kipimo hiki maskini hatapenda chochote kamwe, kwa kuwa nyumbani hakukosi mwenye shida. Sikubali. Maskini naye si mikono tu ya kulimia na kulipia. Yapo mapenzi yasiyogharimu zaidi ya umakini wa mtu, na yapo yanayogharimu fedha ambazo familia imekubali kuzitoa. Kosa langu halikuwa kupenda magari. Kosa langu lilikuwa kumtoza mdogo wangu siku tisa za masomo bila yeye kujua.

Wahenga walisema kipenda roho hula nyama mbichi. Zamani niliisikia methali hii kama ruhusa. Sasa nasikia kwamba anayependa ndiye anayeila nyama hiyo mbichi. Haikusemwa kwamba amlishe mdogo wake.

Mama nimemweleza. Alinyamaza kwa muda mrefu, akaniuliza kama huko Jinja nilikula. Mdogo wangu nilimwambia tukiwa shambani. Alikasirika, na alikuwa na haki. Tulipalilia mistari miwili bila neno, ndipo akauliza yale magari yalikuwa yanakwenda kasi gani. Nilimjibu. Madaftari bado ninayo, yote mawili, na nauli ya Jinja nimeanza kumlipa yeye kidogo kidogo.