Kitambulisho cha Mashine na Swali la Umoja
Kila mashine ya Linux inayotumia systemd hubeba, katika faili la /etc/machine-id, kitambulisho cha biti 128 kilichoandikwa kwa alama 32. Taswira moja ya mfumo endeshi ikinakiliwa kwenye mashine mia bila faili hilo kusafishwa, zote huamka na kitambulisho kimoja. Mwanafalsafa Leibniz alishikilia kwamba vitu visivyotofautiana kwa sifa yoyote ni kitu kimoja. Seva inayogawa anwani za mtandao, ikiona kitambulisho kimoja, inaweza kuamua vivyo hivyo, ikazipa mashine mbili anwani moja. Lakini mashine ni mbili: kila moja ina kumbukumbu yake, na historia zao huachana tangu sekunde ya kwanza. Kosa ni la jina, si la kitu. Pacha Hassan na Hussein hawawi mtu mmoja kwa kuitwa Hassan wote wawili. Ndiyo maana mtengenezaji wa taswira huliacha faili tupu, kitambulisho kizaliwe mashine inapowashwa mara ya kwanza. Funguo za seva ya SSH nazo hufutwa ziundwe upya. Hapo suala ni siri zaidi kuliko jina, kwa kuwa nakala yenye ufunguo wa mwenzake inaweza kujifanya yeye, na mteja asitambue.