Akishapona, Apimwe Tena?

Mgonjwa akipona tunasema alhamdulillah, kisha tunanyamaza. Lakini mama mmoja wa Dzaleka, aliyepona saratani ya titi, aliniuliza tulipokutana Old Town, Lilongwe: "Mwanangu, wewe unasoma dini. Mungu kaniponya. Nikirudi kupimwa saratani nyingine, si nitakuwa namshuku?"

Swali hilo ni la imani, na linastahili jibu.

Kwanza, tujue hali ilivyo. Aliyewahi kuugua saratani ya titi ana uwezekano zaidi ya wanawake wengine wa kupata saratani mpya, hasa kwenye titi la pili. Wapo waliorithi hitilafu katika jeni ziitwazo BRCA, na hao ovari zao pia zimo hatarini. Hata tiba ina gharama yake: tamoksifeni, dawa inayozuia ugonjwa usirudi, huongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba, na mionzi huweza kuleta madhara miaka mingi baadaye. Wengi hayawapati. Hata hivyo, kupona saratani moja si kinga ya nyingine.

Je, kupimwa ni kushuku? Zama za tauni ya Amwas, Sayyidna Umar (r.a.) alipata habari za maradhi akiwa njiani kwenda Sham, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Alimjibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari Yake kwenda katika kadari Yake nyingine. Basi kipimo nacho ni kadari. Mwili ni amana, na kuichunga amana ni sehemu ya shukrani.

Wapo wasemao kupimwa huzidisha wasiwasi. Ni kweli, kwa anayekimbilia kipimo kila anapoumwa kichwa. Anayefuata miadi ya daktari hana haja ya kuhesabu maumivu kila usiku.

Mtume (s.a.w.) alimuelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha atawakali. Lakini kamba anayo nani? Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000. Leo wamezidi 50,000. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kwa mama wa kambini, kufika hospitali kubwa ya Lilongwe ni kibali, nauli na siku nzima.

Tukimwambia "tawakali" na nauli hana, tunauficha ubahili wetu nyuma ya dini. Swali lake lilikuwa juu ya imani yake. Mimi naona linaipima yetu. Jumuiya yetu ina wanafunzi wanaojua Kichewa na Kiingereza wa kumfasiria, na ina sanduku la sadaka. Kumfikisha mgonjwa kwenye tiba ni faradhi kifaya: wakiitekeleza wachache imetosha, wakiiacha wote, wote tunaulizwa.