Simu ya Ofisi Ni ya Nani?

Stendi ya Msamvu mjini Morogoro, kabla basi halijaondoka kuelekea Dodoma au Iringa, wakala wa mizigo hufungua kitabu cha risiti, akapenyeza karatasi ya kaboni na kuandika: mtumaji, mpokeaji, aina ya mzigo, kiasi kilicholipwa. Chini zimechapwa namba tatu za simu. Moja imekatwa kwa kalamu, na pembeni imeandikwa nyingine kwa mkono. Mwenye namba iliyokatwa ameacha kazi, na laini kaondoka nayo.

Namba iliyochapwa kwenye risiti, au kuchorwa ubavuni mwa basi, ni ahadi ya kampuni: mzigo usipofika, piga hapa, yupo wa kukujibu. Mara nyingi, hata hivyo, laini yenyewe imesajiliwa kwa alama za vidole za karani. Akihama, wateja wanahama naye. Akiwa na nia mbaya, jina la kampuni limebaki mkononi mwake. Katika nchi iliyozoea ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”, hadi mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikaweka namba 15040 ya kuripoti matapeli, hilo si jambo dogo.

Enzi za Shirika la Posta na Simu, na baadaye kampuni ya simu ya TTCL kuanzia 1994, ofisi ilikuwa na simu yake ya mezani. Makarani walipita, namba ikabaki. Mifumo ya simu ya intaneti inaturudishia utaratibu huo kwa gharama nafuu. Mtambo wa kugawa simu haukai tena kwenye chumba cha opereta. Uko kwenye kompyuta za mtoa huduma, na kampuni hulipia kwa mwezi. Namba moja inaweza kulia Msamvu, Mbezi Luis na Dodoma kwa pamoja. Asipopokea huyu, atapokea yule. Mkulima wa Mgeta mwenye kitochi anapiga kama kawaida, maana intaneti inahitajika upande wa ofisi tu.

Udhaifu upo. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ilidorora nchini. Mwenye busara hupanga mapema simu zihamie laini ya kawaida mtandao unaposumbua. Tena mfumo ukirekodi mazungumzo, mteja aambiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023.

Hatari kubwa zaidi inatokana na sisi wenyewe. Mama wa Kinole aliyetuma ndizi mbivu anaambiwa abonyeze moja, kisha tatu, kisha asikilize muziki, huku salio likikatwa na ndizi zikiharibika. Kampuni ya namna hiyo imenunua mahali pa kujificha. Zamani angalau alimfuata karani dirishani, akamtazama usoni.

Basi wewe mwenye kampuni, kabla ya kuuliza bei ya mfumo, amua kwanza: mzigo ukipotea, nani atapokea simu, ataje jina lake, na awe na mamlaka ya kulipa fidia? Ukishampata mtu huyo, nunua mfumo, utakufaa sana. Ukiwa bado hujampata, anza na yeye.